Sekunde 24 za Syracuse

Tarehe 22 Novemba 1950, timu ya Fort Wayne Pistons iliingia uwanjani Minneapolis kucheza na mabingwa, Minneapolis Lakers, ikiwa na mpango mmoja tu: kukaa na mpira. Lakers walikuwa na George Mikan, pandikizi la mtu la sentimita 208, ambaye mpira ukishamfikia chini ya kikapu ilikuwa shida kumzuia. Kocha wa Fort Wayne, Murray Mendenhall, aliona dawa ya Mikan ni kumnyima mpira, na hakuna njia ya uhakika ya kumnyima mtu mpira kuliko kuushika mwenyewe. Basi vijana wake wakawa wanapigiana pasi mbali na kikapu, wanasimama, wanaukumbatia mpira, wanapigiana tena. Watu waliolipa kiingilio wakazomea. Robo nzima ya mwisho, dakika 12, Fort Wayne walipata pointi 3 na Lakers pointi 1. Zikiwa zimebaki sekunde chache, Larry Foust akautupa mpira juu ya mkono wa Mikan ukaingia, mechi ikaisha 19 kwa 18. Katika zile 18 za Lakers, 15 alifunga Mikan peke yake. Mpaka leo hakuna mechi ya NBA yenye pointi chache kuliko hizo.

Hakuna sheria iliyovunjwa usiku ule. Mendenhall hakudanganya mtu, hakumhonga refa, wala hakumuumiza mchezaji. Alizisoma kanuni zilivyoandikwa, akaona upenyo, akapita. Mimi simlaumu. Kocha kazi yake kushinda, na akishapewa kanuni zinazomlipa kwa kutocheza, hatacheza. Lawama, kama ipo, inaangukia kanuni, na kanuni zina watunzi.

Watunzi hao ndio ninaotaka kuwasifu. Tunawasifu wafungaji, tunawasifu makocha, hata refa siku akichezesha vizuri hupata neno lake jema. Ila aliyekaa na karatasi na kalamu akaamua kwamba mstari upite hapa na si pale, kwamba mpira ushikwe kwa muda huu na si zaidi, huyo hatumtaji. Nami naamini kazi yake ni ufundi kamili. Ina vipimo na ina jicho, na mtu anaweza kuifanya vibaya hata akiwa na nia njema. Msimu ulionishawishi hivyo ni wa 1954/55, wa tisa tangu ligi ile ianzishwe mwaka 1946, msimu wa kwanza kuchezwa kwa saa ya sekunde 24.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa umekomaa. Januari 1951, Rochester Royals na Indianapolis Olympians walikwenda muda wa nyongeza mara sita. Aliyesikia habari hiyo kwa mbali angedhani ilikuwa vita ya kusisimua. Kumbe kila muda wa nyongeza ulipoanza, aliyepata mpira aliushikilia akisubiri mtupo mmoja wa mwisho, na mwenzake akamwacha aushikilie. Indianapolis walishinda 75 kwa 73, watu wakaenda nyumbani wamechoka kwa kusubiri. Halafu ikaja mechi ya mchujo ya Machi 21, 1953, Boston Celtics na Syracuse Nationals, nyongeza nne, faulo zaidi ya 100. Bob Cousy wa Boston alifunga pointi 50, na 30 kati ya hizo zilitokana na mitupo huru. Hesabu hiyo inaonyesha mchezo ulikokuwa umefika. Aliyeongoza alishika mpira, aliyekuwa nyuma hakuwa na namna ya kuupata ila kumkamata mtu. Filimbi inalia, mtu anakwenda mstarini, anatupa, na kazi inaanza upya. Mkono wa Cousy ulikuwa mzuri, sina ubishi, lakini aliyekuja kumwona Cousy alikuja kumwona anavyodunda mpira mgongoni na kutoa pasi bila kutazama. Badala yake alimwona amesimama mstarini usiku kucha.

Ligi haikukaa bure. Ilishaongeza upana wa eneo la chini ya kikapu kutoka futi 6 hadi futi 12 mwaka 1951 ili Mikan asimame mbali kidogo, na ilijaribu kugeuzageuza adhabu za faulo za dakika za mwisho. Haya yalikuwa matibabu ya kipele huku mgonjwa ana homa. Kila kanuni mpya ilikataza kitu, na kila katazo makocha walilipatia mlango wa nyuma.

Syracuse ni mji wa kaskazini mwa jimbo la New York, wenye theluji nyingi na viwanda, na mwenye timu pale alikuwa Danny Biasone, mhamiaji aliyezaliwa Italia akaletwa Marekani angali mtoto. Alikuwa na ukumbi wa mchezo wa boling, na faida yake ndiyo iliyosaidia kuilisha timu. Hakuwahi kuwa mchezaji wa sifa. Alikuwa mtazamaji, na nadhani hilo lilimsaidia, maana mchezaji huona mpinzani wake na kocha huona ubao wa matokeo, ila mtazamaji ndiye anayejua ni saa ngapi alianza kupiga miayo. Alishirikiana na Leo Ferris, meneja wake, na wako wanaosema hesabu yenyewe ilikuwa ya Ferris kuliko ya tajiri wake. Wagawane sifa, zinatosha wote wawili.

Walichofanya ni hiki. Walizichukua karatasi za takwimu za mechi zilizokuwa nzuri, zile ambazo hakuna aliyeficha mpira, watu wakatoka uwanjani wakizungumza kwa furaha. Wakahesabu mitupo. Wakakuta katika mechi ya namna hiyo kila timu hutupa kikapuni kama mara 60, jumla 120. Mechi ina dakika 48, yaani sekunde 2,880. Gawanya kwa 120, unapata 24.

Hesabu ya mtoto wa darasa la nne. Lakini tazama walikoanzia. Mtu mwenye hasira angeanzia kwenye mechi ya 19 kwa 18 na kuuliza: tuwaadhibu vipi hawa? Angetaja namba yoyote iliyomjia kichwani, sekunde 10, au 15, au 40, akaiweka kwa sababu inasikika vizuri. Biasone na Ferris walianzia kwenye mechi yenye afya, wakaupima mwendo wake kama ulivyo, kisha wakataka mechi zote zisipungukiwe sana na mwendo huo. Namba haikutoka kwao. Ilitoka kwa wachezaji wenyewe, walipokuwa wanacheza kwa raha bila kujua wanapimwa. Ndiyo maana haikuwabana. Ilikuwa kipimo chao tangu zamani.

Jambo la pili ninalolipenda katika kanuni ile ni kwamba haikatazi kitu. Haisemi usipige pasi nyingi, haisemi usisimame, haisemi usimwogope Mikan. Inasema fanya utakalo, ila kabla ya sekunde 24 uwe umetupa. Wacheza bao wataielewa upesi kuliko mtu yeyote. Katika bao la Kiswahili mwenye cha kula hana hiari: kete zikiruhusu kula, lazima ale, na kutakata, yaani kuzungusha kete bila kula, ni kwa aliyekosa. Hapo ndipo mchezo wote ulipo. Bingwa hukulazimisha ule usipotaka kula, akakupeleka anakotaka yeye kwa mkono wako mwenyewe. Ondoa sharti hilo, waachie watu waoga watakate mchana kutwa, na bao halitakuwa na bingwa.

Agosti 10, 1954 Biasone aliwaita wakubwa wa ligi Syracuse waone jaribio kwenye ukumbi wa shule ya ufundi ya Blodgett. Wachezaji wake, Dolph Schayes akiwemo, waligawanywa wakacheza na saa. Mwanzoni ilikuwa fujo. Walipoiona saa inakimbia walidhani hawana muda, wakawa wanatupa mara tu wakivuka katikati ya uwanja, mipira ikagonga ubao na kurudi. Kisha wakatulia. Wakagundua kwamba 24 ni nyingi. Hebu zihesabu kwa sauti, polepole, kama mtu anavyohesabu akisubiri chai ichemke, utaona jinsi zinavyochelewa kwisha. Mdunda mpira anapanda nao kwa sekunde 7 au 8. Anampa pembeni. Mrefu anatoka chini ya kikapu, anamwekea mwenzake kizuizi, mwenzake anakatiza nyuma ya bega lake. Asipokuwa wazi mpira unarudi juu na kuhamia upande wa pili, na hapo bado ziko 10. Schayes alikuwa na mtupo wa mikono miwili wa kutokea mbali, miguu chini, mpira ukipanda juu sana kabla ya kushuka. Ni mtupo unaohitaji nafasi na subira. Saa haikumnyang'anya. Msimu uliofuata aliendelea kuutupa vilevile.

Wengi huisifu saa ile kwa kuleta mbio. Mbio zilikuja, ni kweli, lakini kwangu kubwa ni wajibu. Kila anayeshika mpira sasa anadaiwa, na deni lina siku ya kulipa.

Na hapa niseme neno kuhusu kanuni ya pili ya mwaka uleule, ambayo haina mnara popote. Saa peke yake isingetosha. Aliyekuwa nyuma kwa pointi angeendelea kukamata watu, maana kumpa mpinzani mtupo huru mmoja na kuupata mpira bado kulikuwa biashara nzuri. Kwa hiyo ligi iliweka pia kikomo cha faulo 6 za timu kwa kila robo. Ukizidisha, mpinzani anaongezewa mtupo. Saa ilimfungia mlango anayeongoza, kikomo kikamfungia anayefukuza. Wangeleta moja bila nyingine, mchezo ungelalia upande mmoja. Fundi anajulikana hapo, kwenye kutazama pande zote mbili za anachokijenga kabla hajapigilia msumari wa mwisho, na mimi kikomo kile cha faulo nakiheshimu karibu sawa na saa.

Mechi ya kwanza ya saa ilichezwa Oktoba 30, 1954: Rochester 98, Boston 95. Tofauti na mechi za miaka iliyotangulia ilikuwa wazi. Msimu wa nyuma timu ilikuwa ikifunga wastani wa pointi 79.5 kwa mechi. Msimu huu ulifika 93.1. Boston wakawa timu ya kwanza katika ligi kupita wastani wa 100. Februari 20, 1955, Jim Tucker wa Syracuse, ambaye hakuwa hata mmoja wa wachezaji watano wa kuanza, aliingia dhidi ya New York na ndani ya dakika 17 akafunga pointi 12, akachukua ribaundi 10 na kutoa pasi 12 za kufunga. Kasi hiyo ya kufikisha tarakimu mbili katika hesabu tatu haikuvunjwa na mtu hadi 2018. Ingewezekana vipi miaka minne nyuma, kwenye mechi zile za kukumbatia mpira?

Lakini msimu haukuwa wa neema tupu. Mikan alistaafu kabla haujaanza, na Lakers hawakuwa tena Lakers. Baltimore Bullets, waliokuwa mabingwa mwaka 1948, walifilisika na kuvunjika mwishoni mwa Novemba wakiwa wamecheza mechi 14 tu. Wachezaji wao wakagawanywa kwa timu zilizobaki. Zilibaki timu nane. Ligi nzima ya mpira wa kikapu wa kulipwa ya Marekani, timu nane, baadhi yao katika miji ambayo leo ukiitaja mtu anauliza iko wapi. Maurice Podoloff, rais wa ligi, alijua kwamba msimu mwingine wa mechi za kuchosha ungeweza kumaliza hata hizo nane.

Fainali ziliwakutanisha Syracuse na Fort Wayne, timu zilizomaliza msimu kwa hesabu moja, ushindi 43 na vipigo 29. Fort Wayne ndio wale wale wa 19 kwa 18, sasa chini ya kocha Charley Eckman, aliyekuwa refa kabla ya kuwa kocha. Mechi zao za nyumbani ilibidi wazichezee Indianapolis, kwa sababu ukumbi wao ulishakodishwa kwa mashindano ya boling. Hali ya ligi ilikuwa hiyo, fainali inahamishwa kupisha boling. Syracuse walishinda mbili za kwanza kwao, Fort Wayne wakashinda tatu mfululizo, Syracuse wakasawazisha. Mechi ya saba ikawa Aprili 10, 1955, Syracuse.

Nusu ya kwanza Fort Wayne walifika mbele kwa pointi 17. Hapo ndipo ninapopenda kusimama kila nikiitafakari mechi hii. Pointi 17, chini ya kanuni za 1950, zilikuwa mwisho wa habari. Timu inayoongoza hivyo ingeuweka mpira kifuani, Syracuse wangeanza kukamata watu kwa hasira, mapumziko yangefika, na watu wangeanza kuulizia makoti yao. Chini ya saa, Fort Wayne walilazimika kuendelea kutupa, na anayetupa hukosa, na akikosa mpira ni wa yeyote. Earl Lloyd wa Syracuse aliishi kwa mipira hiyo. Hakuwa mfungaji mkubwa, pointi 10.2 na ribaundi 7.7 kwa mechi msimu ule, lakini alipewa kumkaba mshambuliaji mgumu wa kila timu, na kila mtupo uliokosa ulimkuta amekwisha kuweka kiwiliwili chake mahali panapostahili. Pointi kwa pointi, ribaundi kwa ribaundi, Syracuse walirudi.

Zikibaki sekunde 12 matokeo yalikuwa 91 kwa 91. George King wa Syracuse alifanyiwa faulo, akaenda mstarini, akaingiza mmoja. 92 kwa 91. Sasa muda uliobaki ulikuwa mfupi kuliko sekunde 24, kwa hiyo saa ya Biasone haikuwa na kazi tena. Ilikuwa imemaliza yake: imezileta timu mbili sawasawa hadi mwisho, ikajitoa. Andy Phillip wa Fort Wayne, mdunda mpira mzoefu, akapanda nao kutafuta mtupo wa ubingwa, na King huyohuyo akampokonya. Mechi ikaisha mikononi mwa mlinzi.

Lloyd na Tucker wakawa Waamerika Weusi wa kwanza kuwa mabingwa wa NBA. Lloyd alikuwa pia Mweusi wa kwanza kucheza mechi ya ligi ile, Oktoba 31, 1950, akiwa na Washington Capitols. Ndani ya mistari alikuwa na sekunde 24 sawa na mtu mwingine yeyote; nje ya mistari kulikuwa na hoteli zilizomkatalia kitanda na migahawa iliyomkatalia chakula katika miji ambayo wenzake walilala na kula. Ninalisema hili kwa sababu sifa za ufundi zisizidi mpaka wake. Kanuni ya mchezo inatawala mita chache za mbao. Hata hivyo, kwa kijana wa wakati ule aliyekaa kwenye viti vya bei rahisi, mita hizo chache zilikuwa mahali ambapo aliona kwa macho yake kipimo kimoja kinatumika kwa wote.

Syracuse haikuifaidi saa yake muda mrefu. Mchezo ulipopendeza ulikua, na ulipokua ulihitaji miji mikubwa. Milwaukee walihamia St. Louis mwaka 1955, Fort Wayne wakaenda Detroit na Rochester wakaenda Cincinnati 1957, Lakers wakahamia Los Angeles 1960. Mwaka 1963 Nationals nao waliuzwa wakapelekwa Philadelphia, ndio 76ers wa leo. Mji ukabaki na kumbukumbu ya ubingwa mmoja na mnara mdogo wenye saa ya sekunde 24. Nadhani wanastahili kujivunia mnara ule kuliko kombe. Kombe hushindaniwa kila mwaka, na saa ile haijawahi kuzimwa.

Shirikisho la dunia, FIBA, liliweka sekunde 30 mwaka 1956 na likaja kwenye 24 mwaka 2000. Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam alipochaguliwa wa pili na Memphis Grizzlies mwaka 2009, aliingia ligi iliyokwisha kuishi na saa hiyo kwa miaka 55. Kwenye viwanja vyetu vya saruji jioni, ambako hakuna saa ya ubao, utasikia mwenye sauti kubwa pembeni akihesabu tano za mwisho, na hakuna anayebisha. Kwenye mchezo wa watatu kwa watatu, unaochezwa kikapu kimoja, sekunde ni 12, na ukiucheza utaona 12 ile inavyotosha bila kubaki.

Ufundi unaendelea. Zamani ukikosa mtupo ukachukua ribaundi mwenyewe ulipewa sekunde 24 mpya, kana kwamba umeanza upya kutoka kwako, ilhali tayari uko chini ya kikapu cha mpinzani. Kuna mtu aliyelitazama hilo akaona si haki: huyu hahitaji muda wa kupanda na mpira, amekwisha panda. Toa sekunde 10 za safari, zibaki 14. FIBA walipitisha hivyo 2014, NBA wakafuata 2018. Wengi wetu tuliendelea kutazama mechi bila kujua kilichobadilika. Tuliona tu kwamba baada ya ribaundi mashambulizi yamekuwa makali zaidi. Namba ile nayo inaendana na mchezo unavyochezwa uwanjani. Biasone alifariki 1992 na hakuiona. Ningependa angeiona, maana angeitambua mara moja kuwa ni kazi ya mwenzake.